Uthabiti wa Wakristo wa Uamsho katika Hali ya Hatari, Mlima Kenya

Uamsho wa Afrika Mashariki, ulioenea kutoka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, ulikuwa umekwisha kuota mizizi Nyeri na Murang'a hali ya hatari ilipotangazwa nchini Kenya Oktoba 1952. Wafuasi wake wengi walikataa kiapo cha Mau Mau, wapiganaji waliodai ardhi na uhuru kutoka kwa serikali ya kikoloni, wakiamini kwamba damu ya Kristo ilitosha. Baadhi yao walipigwa, wengine waliuawa. Kanisa kuu la Anglikana la Murang'a, lililopambwa kwa michoro ya Elimo Njau mwaka 1959, ni ukumbusho wa wafiadini hao.

Wapo wanaodai kwamba msimamo huo ulikuwa utiifu kwa mkoloni tu. Hoja hiyo ina uzito, kwa kuwa madai ya ardhi na uhuru yalikuwa ya haki, na serikali iliwatesa wengi kizuizini. Hata hivyo, haielezi kwa nini wanauamsho wengi walikataa pia bunduki za homugadi, yaani walinzi wa upande wa serikali, wakashukiwa na pande zote mbili. Aliyetafuta usalama angejiunga na upande mmoja. Kwa hiyo, kiini cha uthabiti wao kilikuwa imani iliyokataa kumwaga damu.