Nyumbu wa kubeba mizigo: ni mnyama gani, na anatunzwaje?

Ukitaja nyumbu hapa Nyasho, mtu anawaza wale wa Serengeti. Huyo ni mnyamapori, jamaa ya kongoni. Lakini Kiswahili kimempa jina hilohilo mnyama mwingine kabisa, wa kufugwa: mtoto wa punda dume na farasi jike. Wengine humwita baghala, jina lililotoka kwenye Kiarabu, na ndilo tutakalotumia hapa tusichanganyane.

Baghala ana mwili mkubwa kuliko punda, ila uvumilivu wake ni wa punda, na kwato zake ni ngumu. Ethiopia wako wengi, wakipanda na kushuka milima na watu na mizigo. Kasoro yake ni kwamba hazai. Farasi ana kromosomu 64, punda 62, yeye anapata 63, idadi isiyogawanyika sawa. Kila baghala lazima azaliwe na farasi, na hapo ndipo Mara tunapokwama: punda tunao, farasi ni wa kutafuta.

Halafu kuna mbung'o. Katika Vita ya Kwanza ya Dunia, majeshi ya Uingereza yalileta farasi na baghala kupigana na Wajerumani katika nchi hii. Maelfu walikufa kwa nagana, na mizigo ikahamia vichwani mwa wapagazi.

Kumtunza baghala ni karibu sawa na kumtunza punda, kwa hiyo endelea kusoma hata kama hutamwona baghala maishani mwako.

Tuanze na mzigo. Kipimo salama cha mgongoni ni kama robo ya uzito wa mnyama. Baghala wa kilo 320 atabeba kilo 80, yaani madumu manne ya lita 20. Punda wa kilo 160 ni madumu mawili tu. Yale manne tunayompandishia punda kutoka ziwani ni mzigo wa baghala! Akigoma njiani, msikilizaji, usikimbilie fimbo. Hesabu madumu kwanza.

Chini ya shogi weka blanketi au gunia laini lililokunjwa, lisilo na mikunjo ya kuchubua. Chakula ni majani na mabua makavu. Mahindi na pumba nyingi humletea maumivu ya kwato. Maji safi kila siku, kivuli mchana, na kwato zikwanguliwe uchafu na mawe. Dume la baghala lihasiwe mapema na mtaalamu. Halizalishi, lakini ukali linao.

Kagua mgongo kila jioni, maana wanyama hawa huficha maumivu. Kidonda kioshwe kwa maji ya chumvi, na mnyama apumzike mpaka kipone. Kidonda chenye udongo na samadi ni mlango wa pepopunda, ugonjwa unaompata punda na baghala kama unavyompata binadamu. Ukimwona amekakamaa shingo na miguu na taya haifunguki, mwite afisa mifugo wa kata siku hiyohiyo. Chanjo ipo, muulize kabla mnyama hajaumia.