Mizinga ya Rufiji na Sura Iliyomo Akilini

Wenye elimu hushindana: je, ubongo wa mtu huchukua ndani yake sura ya ulimwengu, au huitikia tu yale yaufikiayo? Na tutazame vita vya Rufiji. Mwezi wa Julai 1915 manowari ya Wadachi, Königsberg, ilijificha nyuma ya mikoko. Wapiga mizinga wa Severn na Mersey, merikebu za Waingereza, hawakuiona; mtu wa eropleni aliwapasha habari makombora yalipoanguka. Tarehe 6 hawakuizamisha. Tarehe 11 waliiharibu, na nahodha Looff akaamuru izamishwe. Basi walilenga nini, kama si sura iliyomo akilini? Atakayesema sura hiyo ilikuwa katika ramani tu, na anieleze ni nani, kila kombora lilipopotea, aliyetambua kosa akalirekebisha.