Tupa Ndani ya Mkate: Fumo Liyongo na Mchezo wa Akili

Mwaka 2024 mchezo wa Dungeons & Dragons, uliobuniwa Marekani na Gary Gygax na Dave Arneson, ulitimiza miaka 50. Wachezaji huketi mezani. Mmoja husimulia hatari, wenzake huvaa uhusika na kusema watafanya nini, kisha dadu huamua. Mchawi wa mchezo huu ana mipaka. Katika matoleo ya awali, kwa mtindo uliotokana na hadithi za Jack Vance, uganga ulipotumika ulimtoka akilini hadi ajifunze upya, na hapo ndipo ubunifu wa mchezaji ulipopimwa.

Kwa msomaji wa Likoni, Kisauni au Changamwe mjini Mombasa, ubunifu wa namna hiyo una jina la kwao: Fumo Liyongo, shujaa wa mighani ya Waswahili. Mmisionari Edward Steere alichapisha habari zake kwa nathari mwaka 1870. Mwaka 1913 Muhammad Kijumwa wa Lamu akazitungia utendi, na ndio unaofuatwa hapa. Kuhusu karne aliyoishi, wataalamu wangali wanavutana.

Liyongo alikuwa na kinga: hakuna silaha iliyomuua, ila sindano ya shaba ikichomwa kitovuni. Hata hivyo hakubweteka. Maadui walipokula naye kikoa cha makoma, wakipokezana kupanda mkoma ili zamu yake ikifika wamlenge mishale akiwa juu, yeye aliyaangua makoma kwa mishale yake, miguu ikiwa chini.

Baadaye alifungwa gerezani Pate, na huko ndiko akili yake ilikong'aa. Kinga haikukata minyororo. Kila siku mamake alimpelekea chakula kwa mkono wa kijakazi Saada, na walinzi wakala vilivyo vizuri. Liyongo akaugeuza ulafi huo kuwa mlango. Kwa wimbo ambao walinzi waliusikia wasiuelewe, alimwagiza mama aoke mkate wa wishwa, ndani yake atie tupa. Walinzi wakaudharau, wakampa. Kisha, kwa kuwa angeuawa, akaomba ngoma ya kuagia dunia. Pembe na matoazi yaliporindima, naye akawa anakereza chuma. Mlio wa tupa ukamezwa na shangwe. Pingu zikakatika, akatoka.

Mwishowe mwanawe, aliyerubuniwa na mfalme wa Pate, alimdadisi siri na kumchoma kitovuni.

Leo Liyongo yumo katika vitabu vya fasihi vya sekondari, mfano wa shujaa wa mighani. Mwanafunzi hukariri sifa zake kwa ajili ya mtihani, kisha hufunga kitabu. Huko ni kumpunja. Mwalimu wa Kisauni anaweza kusimulia hadi pale minyororo inapofungwa, anyamaze, awaulize wanafunzi: una mama nje, kijakazi mmoja, walinzi walafi na sauti ya kuimbia; utatokaje? Kisha dadu ziamue, kama katika mchezo ule; za ludo zipo mtaani.