Siku Tatu za Bwana Shamba: Pemba Baada ya 1897

Mwezi uliopita nilikuwa Wete, nyumbani kwa maalim aliyenisomesha darasa la tano. Ana miaka 58. Magoti yamemchoka, lakini akili haijachoka, na hesabu bado anazisomesha vizuri kuliko vijana wengi. Alimwomba mwajiri wake, ambaye sitamtaja, apunguziwe vipindi kwa miaka 2 iliyobaki, hata ikibidi mshahara nao upungue. Akajibiwa kwamba utaratibu huo haupo: ama afanye kazi kamili hadi atimize 60, ama aandike barua ya kustaafu kwa hiari, maadamu 55 ameshaivuka.

"Mwanangu," aliniambia, "kwani baina ya kusimama na kulala hakuna kukaa?"

Swali hilo lilinifuata hadi Unguja, kwa sababu Pemba iliwahi kuwa mahali ambapo watu wengi walipatana na wenye mashamba juu ya idadi ya siku za kazi.

Tarehe 6 Aprili 1897 Sultani Hamoud bin Muhammed, kwa shinikizo la Waingereza, alitoa amri ya kuondoa hadhi ya kisheria ya utumwa katika Unguja na Pemba. Wakati huo Pemba ndiyo iliyokuwa ghala la karafuu, kwani kimbunga cha 1872 kiliiangusha mikarafuu ya Unguja na kuiacha ya Pemba karibu salama. Amri ile haikumfungulia mtu mlango kwa siku moja. Mtumwa alitakiwa aende mwenyewe mahakamani kuudai uhuru wake, na akishaupata aonyeshe kwamba ana makazi na njia ya kujikimu, la sivyo ahesabiwe mzururaji. Bwana aliweza kulipwa fidia. Aliyefanya kazi miaka yote hiyo hakuwekewa fungu.

Hofu kubwa ya Waingereza ilikuwa karafuu kukosa wachumaji, na hapo ndipo yalipoanza mapatano. Kwa desturi ya mashambani, mtumwa alimfanyia bwana wake kazi siku 5, na Alhamisi na Ijumaa akalima konde lake. Katika mikataba mipya siku za bwana zilipungua, mara nyingi zikawa 3 kwa wiki, na mtu akabaki katika kibanda chake na kupanda muhogo wake katika ardhi ileile. Uchumaji ulikuwa na hesabu yake, ukilipwa fedha kwa pishi.

Kilicholeta nafuu hiyo hakikuwa huruma. Karafuu haingoji: ikichelewa kuchumwa huchanua ikapoteza thamani. Mwenye shamba alilijua hilo, na mchumaji alilijua vilevile, tena alijua kwamba shamba la jirani nalo linahitaji mikono. Baada ya miaka michache wengi waliacha hata zile siku 3, wakakaa mashambani bila kupalilia pasipo malipo. Maofisa wa Kiingereza wakajaza ripoti zao malalamiko juu ya uvivu. Kila ninapozisoma ripoti hizo hujiuliza ni nani hasa aliyekuwa hafanyi kazi.

Lakini nguvu hiyo ya kupatana ilikuwa ya mwenye kuweza kupanda mkarafuu. Mzee je? Katika utaratibu wa zamani, pamoja na dhuluma yake yote, sheria ya Kiislamu ilimwajibisha bwana kumtunza mtumwa aliyezeeka. Mkataba mpya uliifunga nyumba kwenye kazi, na mkono ukilegea, paa nalo liko mashakani. Ndiyo maana naipa uzito amri ya 1909, iliyowaruhusu walioshindwa kujikimu kwa uzee au maradhi kudai fidia serikalini. Si haba, ingawa ilikuja miaka 12 baadaye.

Maalim wangu si mtumwa, na sitaki kumdhalilisha yeye wala kuwadhalilisha wale kwa kuwafananisha. Ninacholinganisha ni fundo lenyewe: saa za kazi zimefungwa pamoja na kitu ambacho mzee hawezi kukikosa. Tangu 1998 tuna Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar, na tangu Aprili 2016 kila mzee aliyefika miaka 70 ana pensheni jamii, iliyoanza kwa shilingi 20,000 kwa mwezi. Ni mambo ya kujivunia. Lakini yote yanamwangalia mtu akishatoka kazini, si anapoanza kuchoka. Shambani hili linaeleweka bila barua: ukipita Pemba msimu wa karafuu utawaona wazee wameketi juu ya majamvi wakichambua makonyo, na vijana wako juu ya miti.

Tuliandika barua ya pili pamoja, kibarazani pake. Ameomba nusu ya vipindi, vyote vya asubuhi, na muda unaobaki awaongoze walimu wapya wa hesabu. Nilimsihi aongeze swali moja, naye akaliweka mwisho kwa mwandiko wake uleule wa ubaoni: mshahara ukipungua, mchango wa hifadhi ya jamii utahesabiwa kwa mshahara upi, na kiinua mgongo kitaguswa kwa kiasi gani?

Barua imepokelewa na kugongwa muhuri. Darasa lake bado liko ghorofa ya pili.