KUPUNGA PEPO: HISTORIA YA NENO NA YA TIBA

Watungaji wa kamusi wamezoea kueleza kupunga pepo kuwa ni kumtoa au kumfukuza pepo aliyempanda mtu. Maelezo hayo ni mafupi, na humtosha msomaji mwenye haraka. Lakini mtu akichungua maandishi yaliyoandikwa juu ya pwani tangu karne ya 19, ataona kwamba hayalingani sawasawa na jambo lenyewe. Aghalabu pepo hafukuzwi. Huitwa, huulizwa jina lake, husikilizwa, hupewa haki yake, kisha hukaa na mtu wake kwa mapatano. Tena haitwi kwa maneno matupu, bali kwa mwendo wa mwili: kukaa, kufukizwa, kuyumba, kutikisika mabega, na mwisho kuinuka na kucheza pamoja na wenzake.

Katika makala haya nakusudia kufuata historia ya neno hili na ya tiba inayoitwa kwalo, ili ionekane kwamba watu wa pwani walikuwa na elimu yao ya kumtuliza mtu aliyevurugwa na hofu au msiba kwa kuanzia mwilini mwake. Jambo hili si la wapenda mambo ya kale peke yao. Siku hizi wafasiri na wauguzi wanatafuta maneno ya Kiswahili ya kuelezea tiba inayomponya mtu wa kiwewe kwa mwendo wa taratibu, na mengi katika maneno hayo tunayo tayari.

Neno lenyewe

Kupunga ni kupeleka kitu huku na huku kwa utaratibu. Mtu hupunga mkono akiagana na mwenziwe. Hupunga mikono akitembea. Jioni hutoka akaenda kupunga hewa ufukoni. Katika matumizi yote hayo hamna nguvu wala kusukuma. Mna mwendo wa kwenda na kurudi. Kamusi ya A. C. Madan ya mwaka 1903, na ile ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 iliyojengwa juu yake, zote zina maana hizo za mwendo, kisha zina maana ya pepo. Msomaji hudhani kwamba hizo ni maana mbili zilizokutana katika neno moja kwa bahati tu. Nionavyo mimi, maana ni moja: anayepungwa pepo ni mtu anayepelekwa huku na huku hata atulie.

Neno pepo nalo lina jamaa zake. Upepo, kupepea, kupepeta na kupeperuka yote ni ya shina moja, na yote yahusu hewa inayokwenda. Kwa hiyo msemo wenyewe, kwa asili ya maneno yake, wakaribiana sana na kupunga upepo, yaani kutoka nje mtu akapate kuburudika.

Zaidi ya hayo, lugha yetu huiweka hofu mwilini kabla ya kuiweka katika mawazo. Aliyeogopa husemwa kuwa mwili umemsisimka, nywele zimemsimama, miguu imemwishia nguvu, amekufa ganzi. Na anayepata nafuu husemwa kuwa ametulia, au amepoa. Kupoza ni kukifanya kitu kipoe, nasi hupoza uji, hupoza homa, hupoza na moyo wa mtu. Neno pole humpasa aliyefiwa, nalo ndilo hilo hilo tunalomwambia mtu aendaye mbio: polepole. Lugha iliyokwisha kuunganisha faraja na mwendo wa taratibu haina haja ya kuazima fikira hiyo kwa watu wengine.

Maandishi ya kale

Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na kamusi yake kubwa ilitoka London mwaka 1882, baada ya kufa kwake. Alikuwa mmisionari, na kwake pepo walikuwa adui wa kufukuzwa. Hata hivyo alikuwa msikivu wa lugha, akahifadhi maneno mengi ya waganga ambayo yangalipotea. Basi katika kazi yake twapata mambo mawili kwa pamoja: msamiati wa wenyeji, na tafsiri ya mtu asiyeipenda tiba yenyewe. Kamusi zilizofuata zilirithi yote mawili.

Ushahidi wa namna nyingine ni wa Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa upande wa Bagamoyo aliyekwenda kufundisha Kiswahili Berlin. Katika kitabu cha Desturi za Wasuaheli, kilichotolewa na Carl Velten mwaka 1903, mna habari za waganga, za pepo na za ngoma zao. Mtoro alikuwa Mwislamu msomi, na hasifu asichokisadiki. Lakini aeleza desturi kama mtu aliyeziona kwao, na msomaji hupata mpango wa kazi, si vitisho. Kitabu hicho kilipata tafsiri kamili ya Kiingereza mwaka 1981, kwa kazi ya J. W. T. Allen.

Wa tatu ni Hans Koritschoner, mzaliwa wa Vienna, ambaye baadaye alijiita Hans Cory na akawa mtaalamu wa serikali ya Tanganyika katika mambo ya mila. Mwaka 1936 alichapisha makala juu ya ngoma ya sheitani katika jarida la Taasisi ya Kifalme ya Anthropolojia ya Uingereza, na katika anwani yake aliiita ngoma hiyo tiba ya maradhi ya nafsi. Neno tiba lilikuwa hatua kubwa. Hadi hapo wageni wengi walikuwa wakiiandika ngoma ya pepo chini ya vichwa vya ushirikina au michezo. Karatasi za Cory, aliyefariki mwaka 1962, zimehifadhiwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Mpango wa tiba

Desturi hutofautiana mji kwa mji na pepo kwa pepo. Lakini ukilinganisha habari za Mrima, Unguja, Mafia na Mombasa, hatua zake zafanana.

Kwanza mgonjwa hutazamiwa, ili ijulikane kama maradhi yake ni ya Mungu tu au yana mtu au pepo nyuma yake. Kisha hufukizwa. Hukalishwa, hufunikwa nguo, na huwekewa chetezo cha ubani na udi, au nyungu ya majani yanayotoa mvuke. Huku kukaa chini ya nguo ni mwanzo wa maana sana. Mgonjwa haulizwi neno lo lote, hapewi shauri. Apewa joto, harufu na giza, na pumzi zake hupata nafasi ya kuteremka.

Baada ya hapo huja ngoma. Hapa ndipo wageni walipokosea zaidi, kwa kuwa waliona kelele, wasione kipimo chake. Kila aina ya pepo ina mdundo wake, nyimbo zake, nguo yake na manukato yake. Wapigaji hawamlazimishi mgonjwa afuate ngoma. Wao ndio wanaomfuata mgonjwa. Hujaribu mdundo mmoja, wakamtazama. Asipoitikia, huuacha na kushika mwingine. Hatimaye bega moja hutikisika, au kichwa huanza kuyumba, na fundi hujua kwamba mlango umepatikana. Yaweza kuchukua usiku mzima, hata siku kadhaa. Walio pembeni, aghalabu wanawake waliokwisha kupita njia hiyo, huimba, hupiga makofi na humshika asianguke.

Pepo akipanda kichwani huulizwa jina lake, kwao ni wapi, na ataka nini. Majibu husemwa kwa kinywa cha mgonjwa, lakini si kwa jina lake. Mtu asiyethubutu kumwambia mumewe au mkwewe neno zito, aweza kulisema hapo bila ya kulaumiwa. Kisha hufanywa ahadi: nguo, pete, chano cha vyakula, au ngoma nyingine siku za mbele. Mgonjwa sasa huitwa kiti cha pepo wake, naye huingia katika chama cha wateja wenziwe. Neno mteja, tulitumialo leo kwa mnunuzi dukani, lilikuwa pia neno la mtu aliye chini ya mganga. Wengine katika wateja hao huendelea hata wakawa waganga wenyewe.

Basi hakuna kufukuza hapa, ila katika namna chache. Kilichopo ni kumrudisha mtu kwa daraja: kwanza katika pumzi yake, pili katika mwendo wake, tatu katika usemi wake, mwisho katika watu wake. John Janzen, aliyelinganisha tiba za Kinshasa, Dar es Salaam, Mbabane na Cape Town katika kitabu chake cha mwaka 1992, aliona kuwa neno ngoma lenyewe, kwa watu wengi wa lugha za Kibantu, lakusanya ala, mchezo na uponyaji. Kiswahili kimehifadhi maana zote tatu.

Pepo na historia

Majina ya pepo ni kumbukumbu ya watu. Kibuki ni pepo wa Bukini, yaani Madagaska. Habeshia ni pepo wa Uhabeshi, na twajua kwamba katika nyumba za masultani wa Unguja karne ya 19 walikuwamo wanawake wa Kihabeshi walioletwa utumwani. Wapo pepo wa Kiarabu, wa Kizungu, na wa makabila ya bara. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na hali ya utumwa ilifutwa kisheria huko mwaka 1897. Lakini walionunuliwa na kuuzwa hawakupewa mahali pa kuyasimulia yaliyowapata. Katika ngoma, mgeni aliyeletwa kwa nguvu huulizwa kwao ni wapi, naye hujibu kwa lugha yake na kwa mwendo wa kwao.

Yatupasa hadhari hapa. Siwezi kusema kwamba kila pepo ni msiba uliofichwa, wala kwamba mwenye pepo na mwenye kiwewe ni mtu mmoja. Wanaopandwa na pepo wenyewe hawasemi hivyo, na wataalamu waliokaa nao, kama Pat Caplan aliyeanza utafiti wake Mafia mwaka 1965, na Linda Giles aliyeandika mwaka 1987 juu ya vyama vya pepo vya pwani, wameonyesha kuwa mambo haya yana maana nyingi: ya ukoo, ya dini, ya heshima na ya furaha pia. Ninalodai ni dogo zaidi: kwamba kati ya watu waliofika kilingeni walikuwamo waliovunjwa na hofu na huzuni, na kwamba njia waliyopitishwa ilianzia mwilini.

Tena tusiipambe. Kuna ngoma za pepo zisizo na upole, ambamo mgonjwa huanguka, huumizwa au hunyweshwa damu. Wapo waliotumia mali yote ya nyumba kwa ahadi zisizokwisha, na wapo waliochelewa kupelekwa hospitali. Wanavyuoni wa pwani wameikataza mara nyingi, na hoja zao za dini zafahamika. Katika kuieleza tiba mwandishi wa historia hashurutishwi kuisadiki.

Tiba za siku hizi

Huko Marekani, Marian Chace alianza mwaka 1942 kuwachezesha wagonjwa wa hospitali ya St. Elizabeths, Washington, na miongoni mwao walikuwamo askari waliorudi vitani. Yasemwa katika historia ya fani hiyo kwamba alianza kwa kuufuata mwendo wa mgonjwa mwenyewe, si kwa kumfundisha mwendo mpya. Msomaji atakumbuka wapigaji wa ngoma wanaotafuta mdundo. Chama cha tiba ya ngoma cha Marekani kilianzishwa mwaka 1966, naye akawa rais wake wa kwanza.

Mwaka 1980 madaktari wa akili wa Marekani waliyaingiza katika orodha yao rasmi maradhi yanayofuata mshtuko mkubwa. Mwaka 2014 Bessel van der Kolk na wenzake walitoa matokeo ya jaribio la wanawake 64 ambao maradhi hayo hayakuwaachia kwa matibabu ya kawaida. Nusu yao walifundishwa yoga ya taratibu, saa moja kwa juma, kwa majuma 10. Nusu nyingine walipewa mafunzo ya afya ya wanawake. Mwishoni, kati ya 31 wa yoga waliopimwa, 16 hawakuhesabiwa tena kuwa na maradhi hayo. Kati ya 29 wa kundi la pili, walikuwa 6. Jaribio moja dogo halimalizi neno. Lakini latosha kuonyesha kwamba kuanzia mwilini si ushamba.

Wajibu wa watunga kamusi

Mambo haya yakianza kuandikwa kwa Kiswahili, neno kiwewe limekwisha kushika nafasi yake. Yaliyobaki bado ni machafuko. Mfasiri akutanapo na tiba ya mwendo wa taratibu huandika mazoezi, kana kwamba mgonjwa apelekwa gwaridani. Au huandika mchezo, na jamaa za mgonjwa wakaona wanafanyiwa mzaha. Sisemi kwamba muuguzi atumie neno kupunga pepo hospitalini. Litamtia mashakani mgonjwa mcha Mungu, na pengine litamwudhi mganga pia. Lakini kutuliza, kupoza, kufuata mdundo, kuyumba, kuitikia na kushikwa ni maneno ya kila mtu, na yametumika katika kazi hii hii kwa vizazi vingi.

Napendekeza mambo mawili. La kwanza, kamusi zijazo ziweke maana ya mwendo mbele katika neno kupunga, kisha ziseme wazi kwamba katika kupunga pepo kumtoa pepo ni sehemu tu ya maana, na kwamba mara nyingi pepo huridhishwa akabaki. La pili, msamiati wa kilingeni ukusanywe kwa wanawake waliokuwa wateja, si kwa waganga peke yao. Waganga wameulizwa tangu siku za Krapf. Wateja hawakuulizwa sana, na ndio wanaojua neno gani lilisemwa pale bega la kwanza lilipotikisika.