Wii na michezo ya uzinduzi: Walingoja upanga wakapewa raketi

MNAMO Septemba 16, 2005, aliyekuwa rais wa kampuni ya Nintendo, Bw Satoru Iwata, alisimama mbele ya umati katika maonyesho ya michezo ya video jijini Tokyo, Japani, akainua kifaa chembamba mfano wa rimoti ya runinga. Hicho, alisema, ndicho kidhibiti cha mtambo mpya uliokuwa ukiitwa kwa muda Revolution.

Kisha ikaonyeshwa filamu fupi. Watu walionekana wakipunga kifaa hicho kana kwamba ni upanga, ndoano ya kuvulia samaki, kisu cha jikoni, chombo cha daktari wa meno na hata kijiti cha kuongozea okestra. Jambo moja halikuonekana kamwe katika filamu hiyo, nalo ni michezo yenyewe. Kamera iliwatazama wachezaji wala si runinga.

Kwa miezi kumi na minne iliyofuata, wapenzi wa michezo ya video duniani walilijaza pengo hilo kwa matumaini yao wenyewe. Kila mmoja aliota mchezo wake. Kisa cha matumaini hayo kinastahili kusimuliwa kwa kuwa kinadhihirisha, kuliko kingine chochote katika biashara hii, jinsi mtambo unavyoweza kufaulu kwa mchezo ambao hakuna aliyeuombea.

Michezo ya uzinduzi ni ile inayopatikana madukani siku ile ile mtambo unapoanza kuuzwa. Umuhimu wake ni dhahiri: mtambo usio na mchezo ni sanduku la plastiki tu. Mnunuzi wa siku ya kwanza hulipa bei ya juu kabisa kwa kitu ambacho bado hakijathibitishwa, na dhamana pekee aliyo nayo ni orodha hiyo ya michezo. Kwa upande wa kampuni, orodha ndiyo inayowaeleza wanunuzi mtambo umeundwa kwa ajili gani.

Wingi wa michezo si hoja. Mtambo wa Nintendo 64 ulipoingia katika soko la Marekani mnamo Septemba 1996, ulikuwa na michezo miwili pekee, Super Mario 64 na Pilotwings 64. Ule wa kwanza ulitosha. Ulimfundisha mchezaji kutembea katika ulimwengu wenye kina, na wasanii wa kampuni nyingine wakaiga kwa miaka mingi. Kwa upande mwingine, kampuni ya Sega ilizindua Dreamcast nchini humo mnamo Septemba 9, 1999 ikiwa na michezo zaidi ya 15, mmoja wapo ukiwa Soulcalibur uliosifiwa mno. Kufikia mwaka wa 2001, Sega ilikuwa imeacha kutengeneza mitambo kabisa.

Kwa Nintendo, hatari ya kupatwa na hali kama hiyo haikuwa hadithi. Mtambo wake wa GameCube, uliozinduliwa mwaka wa 2001, uliishia kuuza takriban vipande milioni 21.7, ilhali PlayStation 2 ya kampuni ya Sony ilipita milioni 150. GameCube ilizinduliwa bila mchezo wa Mario. Aliyetangulizwa ni nduguye, Luigi, akiwinda mizimu katika jumba la kale. Ulikuwa mchezo mzuri lakini mfupi, na waliotarajia makubwa walinung'unika. Mario alifika mwaka uliofuata.

Isitoshe, safari hii Nintendo ilikuwa imeamua kutoshindania ubora wa picha. Xbox 360 ya Microsoft, iliyotoka Novemba 2005, na PlayStation 3 zilitoa picha za kiwango cha juu kwa ajili ya runinga mpya bapa. Mtambo wa Nintendo haukuweza. Hivyo basi, mzigo wote uliachiwa ile rimoti, na michezo ya siku ya kwanza ndiyo ambayo ingeamua iwapo rimoti hiyo ilikuwa uvumbuzi au mzaha.

Jina rasmi, Wii, lilitangazwa Aprili 27, 2006. Kwa Waingereza na Wamarekani lilizua vicheko, na kampuni ikalazimika kueleza kuwa linatamkwa kama neno la Kiingereza lenye maana ya "sisi". Msomaji wa Kiswahili hakuhitaji somo hilo. Jina husomwa kama lilivyoandikwa.

Sasa tuitazame michezo iliyotarajiwa. Matumaini makubwa ya mashabiki yalikuwa juu ya majina ya zamani: Mario, Zelda, Metroid na Super Smash Bros. Kuhusu huo wa mwisho, Bw Iwata mwenyewe alitangaza mwezi Mei 2005 kwamba toleo jipya lingekuja na kwamba alitumai lingewahi uzinduzi. Kumbe mwasisi wa mchezo huo, Bw Masahiro Sakurai, aliyekuwa amekwisha kuacha kazi katika kampuni iliyoutengeneza, hakuwa na habari. Aliombwa auongoze baada ya tangazo kutolewa. Mchezo huo, Super Smash Bros. Brawl, ulitoka Japani mnamo Januari 31, 2008, zaidi ya mwaka mmoja baada ya mtambo. Metroid Prime 3 nao ulichelewa hadi Agosti 2007, na Super Mario Galaxy hadi Novemba mwaka huo.

Katika majina hayo manne, ni Zelda pekee aliyewahi. Tena aliwahi kwa kuazimwa, maana The Legend of Zelda: Twilight Princess ulikuwa umeundwa kwa ajili ya GameCube. Watengenezaji walipouhamishia Wii walikumbana na tatizo la ajabu. Shujaa wa mchezo, Link, tangu jadi alikuwa akishika upanga kwa mkono wa kushoto. Mchezaji wa Wii alitarajiwa kupunga rimoti ili upanga upungwe, na watu wengi hutumia mkono wa kulia. Badala ya kumchora upya shujaa, waliugeuza ulimwengu mzima kama taswira katika kioo: kilichokuwa mashariki kikawa magharibi, na nyumba za kushoto zikahamia kulia. Hadi leo, anayetumia ramani ya toleo la GameCube kuuchezea mchezo huo kwenye Wii atapotea njia.

Upanga ndio uliokuwa ndoto ya wengi. Kampuni ya Ufaransa, Ubisoft, ilipotangaza Red Steel, mchezo wa bunduki na panga unaomfuata mhusika wake kutoka Los Angeles hadi Japani, mashabiki waliamini kwamba mkono ukiinuka nusu, upanga nao ungeinuka nusu. Haikuwa hivyo. Ndani ya rimoti mlikuwa na kifaa kidogo cha kupima mabadiliko ya kasi ya mwendo, na kwenye ncha kamera iliyosoma nukta mbili za miale ya infraredi kutoka kwa kijiti kilichowekwa karibu na runinga. Viwili hivyo vilitosha kujua kwamba mtu amepiga na upande aliopiga, lakini havikuweza kufuatilia kila hatua ya mkono. Red Steel ulitambua ishara chache tu, kisha ukacheza mapigo yaliyoandaliwa. Wahakiki waligawanyika, ingawa zaidi ya nakala milioni moja ziliuzwa. Kifaa cha ziada kilichokaribia kutimiza ndoto ile kilipatikana mwaka wa 2009.

Tuje kwenye raketi. Katika maonyesho ya Los Angeles ya Mei 2006, wakuu wa Nintendo, akiwemo Bw Iwata na msanii mkongwe Bw Shigeru Miyamoto, walicheza tenisi jukwaani kwa kupunga rimoti. Mchezo huo ulikuwa sehemu ya Wii Sports, mkusanyiko wa michezo mitano: tenisi, besiboli, gofu, ndondi na ule wa kuvingirisha tufe ili kuangusha pini. Wahusika wake walifanana na wanasesere wa mbao wa Kijapani. Hapakuwa na kisa, wala maadui, wala ngome ya kuteka. Wengi wa waliokuwa wakihesabu siku waliuona kama onyesho la ufundi wa rimoti, si mchezo wa kutolea pesa.

Ndani ya kampuni kwenyewe palizuka mvutano, si kuhusu thamani ya mchezo bali kuhusu kuutoa bure. Aliyekuwa rais wa tawi la Marekani, Bw Reggie Fils-Aimé, alisimulia katika kitabu chake cha mwaka wa 2022 jinsi alivyoshinikiza Wii Sports utiwe ndani ya sanduku la mtambo, huku Bw Miyamoto akipinga kwa hoja kwamba kampuni haitoi kazi yake bure. Hatimaye uliambatanishwa na mtambo Marekani na Ulaya, ilhali nchini Japani uliuzwa kando.

Wii iliingia sokoni Marekani Novemba 19, 2006 kwa Dola 249.99, takriban Sh17,500 wakati huo. PlayStation 3 ilikuwa imetangulia siku mbili tu, kwa Dola 499 au 599. Japani iliupata mtambo huo Desemba 2 na Ulaya Desemba 8.

Yaliyofuata hayakuwa katika orodha ya mtu yeyote. Mabibi na mababu ambao hawakuwahi kugusa kidhibiti walijikuta wakishindana na wajukuu. Makao ya wazee nchini Marekani na Uingereza yaliandaa mashindano ya kuangusha pini bila pini wala tufe. Rimoti zilichomoka mikononi zikavunja vioo vya runinga, na mwezi huo huo wa Desemba kampuni ikaanza kuwabadilishia wateja kamba za kufungia mkononi. Mitambo milioni 101.6 iliuzwa kabla ya utengenezaji kukoma, na nakala za Wii Sports zikafikia milioni 82.9.

Siri, kwa maoni ya mwandishi huyu, ilikuwa nyepesi. Zelda ulihitaji mtu anayejua Zelda ni nini, lakini kila mtu anajua raketi hupungwaje. Mchezo uliojibu swali la mtambo kwa sekunde kumi uliishinda michezo iliyojibu matamanio ya mashabiki kwa saa hamsini.

Hapa nchini mtambo huo haukuweza kuing'oa PlayStation katika vibanda vya mitaani ambako vijana hulipa kwa kila mechi. Huko swali la michezo ya uzinduzi ni moja tu: kuna soka? Wii haikuwa na FIFA siku ya kwanza. Ilikuja mwaka wa 2007. Aidha, kibanda chenye benchi moja na wateja wanane si mahali pa kurusha mikono.

Nintendo yenyewe haikulishika somo hilo barabara. Wii U ya Novemba 2012 ilikuwa na Nintendo Land, mchezo uliokusudiwa kueleza kidhibiti chenye skrini, lakini wanunuzi wengi hawakung'amua iwapo huo ulikuwa mtambo mpya au kifaa cha ziada. Ni milioni 13.56 tu zilizouzwa. Switch ya Machi 3, 2017 ilirejea kwa Zelda. Mwezi huo nchini Marekani kuliuzwa mitambo 906,000 na nakala 925,000 za The Legend of Zelda: Breath of the Wild za mtambo huo. Baadhi ya watu walinunua mchezo kabla ya kupata mtambo wa kuuchezea, na wengine wakanunua nakala mbili.

Switch 2 ilipozinduliwa Juni 5, 2025 kwa Dola 449.99, iliongozwa na mchezo wa mashindano ya magari, Mario Kart World, na zaidi ya mitambo milioni 3.5 iliuzwa kwa siku nne. Palikuwa pia na Welcome Tour, mkusanyiko wa majaribio madogo ya kumwonyesha mnunuzi uwezo wa mtambo, kazi ile ile iliyofanywa na Wii Sports. Safari hii haukutiwa sandukuni. Uliuzwa kwa Dola 9.99.