Mayai ya Gizani: Sehemu ya Kwanza

Usiku huu ukipanda kitandani, jihesabie. Unavuta shuka, unageuza mto, umelala. Sekunde kumi?

Basi leo nakupeleka mahali ambapo kuingia kitandani ni kazi kuliko kazi yenyewe. Vaa sweta. Hapana, hilo halitoshi. Vaa yote uliyo nayo.

Ni Juni 27, mwaka 1911. Tuko Antaktika, Cape Evans, kwenye Kisiwa cha Ross, kambini kwa Kapteni Robert Scott. Usiniulize kama ni asubuhi au jioni. Jua lilizama Aprili, na halirudi mpaka Agosti.

Wanaume watatu wanatoka kwenye nyumba ya mbao yenye jiko, vitanda, hata santuri. Wanaingia gizani. Kwa hiari yao!

Wanafuata nini? Dhahabu? Subiri kidogo, kwanza uwajue.

Mkubwa wao ni Edward Wilson, daktari na mchoraji. Wenzake humwita Bill. Wa pili ni Henry Bowers, luteni mfupi mwenye pua kama mdomo wa ndege, ndiyo maana wakambandika jina la Birdie. Huyu baridi inamwogopa.

Wa tatu ni Apsley Cherry-Garrard, kijana wa miaka 25 kutoka nyumba ya kitajiri, aliyetoa pauni 1,000 kuchangia msafara. Cherry haoni mbali bila miwani, na kwenye baridi ile miwani haivaliki, maana pumzi inaganda kwenye vioo.

Mkumbuke Cherry. Giza, nyufa za barafu, na macho mabovu. Nimekuambia mapema, usije ukanilaumu.

Haya, wanafuata nini?

Mayai.

Usicheke! Si ya kuku. Ni mayai ya pengwini wakubwa kuliko wote duniani. Zama zile wataalamu wengi waliamini kwamba kiumbe akiwa bado ndani ya yai hupitia umbo la mababu zake, hatua kwa hatua. Na pengwini huyu walimdhania kuwa ndege wa kale kuliko wote. Mpasulie yai mapema, nani ajuaye, huenda ukamkuta mjusi anageuka ndege.

Tatizo ni kwamba ndege mwenyewe hutaga katikati ya kipupwe. Na kituo cha ndege hao walichokijua kiko Cape Crozier, ng'ambo ya kisiwa, kilomita 108 hivi. Hakuna mbwa wa kuvuta wala farasi. Sleji mbili, mzigo wa kilo zaidi ya 340, na mabega ya watu watatu.

Umeanza kusikia baridi? Bado.

Friza ya samaki pale sokoni, ile inayokufanya utoe mkono haraka, huwa kama digrii 18 chini ya sifuri. Wenzetu hawa walisoma kipimajoto siku moja mapema Julai: digrii 60 chini ya sifuri, na ushei. Friza yako hapo ni jiko.

Asubuhi moja Cherry alitoka hemani, akainua kichwa kutazama huku na huku. Alipotaka kukishusha, kikakataa. Nguo zilikuwa zimeganda mwilini kama bati, kwa muda wa kupiga chafya mbili tatu. Akavuta sleji kwa saa 4 shingo ikiwa juu, kama bwana harusi anayepigwa picha.

Tangu siku hiyo wote watatu walijifunza adabu. Ukitoka hemani, inama kwanza, ugande ukiwa umekaa mkao wa kazi.

Theluji nayo ilikuwa kama mchanga. Sleji mbili hazisogei pamoja, kwa hiyo wanavuta moja, wanarudi gizani kwa mshumaa wakitafuta nyayo zao wenyewe, wanavuta ya pili. Kila kilomita moja ya safari, miguu inatembea tatu.

Wanakula nini? Hapa nitakaa kidogo, maana hapa pana vituko.

Chakula kilikuwa biskuti ngumu, siagi, na pemikani, yaani nyama iliyokaushwa, ikasagwa na kuchanganywa na mafuta. Cha kunywa, chai asubuhi. Usiku, maji ya moto. Matupu. Lakini wanasayansi hawaachi kazi hata tumbo likilia, kwa hiyo wakajifanya panya wa maabara: Bill azidishe siagi, Birdie azidishe pemikani, Cherry azidishe biskuti.

Unadhani nani aliumia? Cherry, nani mwingine! Biskuti zikamshinda kumaliza, njaa haikuisha, usiku akawa anatamani mafuta. Mwishowe wakagawana upya, na matokeo yakaandikwa kama utafiti halali.

Sasa tulale.

Mifuko yao ya kulalia ilikuwa ya ngozi ya kulungu wa nchi za baridi. Jasho na pumzi vinaingia humo, vinaganda, havitoki tena. Mfuko wa Cherry ulianza safari na kilo 8. Ulirudi na kilo 20. Kilo 12 za nini? Za jasho na pumzi yake mwenyewe!

Usiku anausukumia mguu mmoja ndani, anangoja barafu ilegee, anasukuma tena kidogo. Akishaingia mwili mzima, anaanza kutetemeka mpaka meno yanapasuka. Sisemi kwa kupamba, meno yalipasuka kweli. Malengelenge ya vidoleni nayo, maji ya ndani yakaganda.

Asubuhi wakitoka tu, wanaziba mdomo wa mfuko kwa vitu vyao haraka, kabla haujakakamaa, ili usiku upatikane upenyo wa kuingilia. Tangu kuitwa waamke hadi kuanza kuvuta, zinapita saa 4. Ajabu ni kwamba kwao kuvuta sleji ndiko kulikuwa mapumziko. Adhabu ilikuwa kulala.

Julai 15, siku ya 19 ya safari, wakafika. Mlimani juu ya kituo cha pengwini wakajenga kibanda cha mawe, sleji moja ikawa mti wa paa, juu yake turubai. Bill akakipa jina la mkewe, Oriana.

Jaribio la kwanza la kuteremka likashindikana. Kuna mapande ya barafu makubwa kama nyumba, yamebanana na kupasuka, na Cherry anatumbukia kila asipopaona, yaani kila mahali. Chini kwenye giza wakasikia ndege wanalia. Wakarudi mikono mitupu.

Kesho yake, Julai 20, wakapenya tundu moja la barafu kama la mbweha. Bill na Birdie wakashuka ukuta wa mwisho, Cherry akabaki juu na kamba.

Pengwini walikuwa kama mia moja tu, baadhi yao na yai juu ya nyayo zao. Wengine, maskini, walikuwa wanaatamia bonge la barafu.

Yakachukuliwa mayai matano. Cherry akabeba mawili ndani ya glavu zake, zimening'inia shingoni.

Unajua kilichofuata, si ndiyo? Nilikuambia umkumbuke Cherry. Gizani, kuanguka na kuamka, yote mawili yakapasuka.

Yakabaki matatu. Usiku huo wakawasha jiko kwa mafuta ya pengwini, tone la moto likaruka, likatua kwenye jicho la Bill. Akaugulia maumivu usiku kucha.

Hema walilisimika pembeni ya kibanda, wakaweka humo sehemu ya vitu vyao. Lishike moyoni hilo hema. Kibanda ni cha kukaa. Hema ndilo la kurudia nyumbani. Kwenye baridi ile, njiani bila hema, huwashi jiko wala hulali. Unasimama tu, mpaka usimame moja kwa moja.

Usiku wa kuamkia Julai 22 upepo ukaanza. Kwanza kwa vishindo na vituo, kama mtu anayejaribu mlango. Kisha vituo vikaisha.

Mapema asubuhi Birdie akatambaa nje kuangalia vitu.

Akarudi mlangoni anapiga kelele, anamwita Bill, anamwita tena.

Pale lilipokuwa hema palikuwa na vitu vimetawanyika juu ya theluji. Hema lenyewe halikuwepo.

Na juu ya vichwa vyao, sikiliza, turubai la paa limeanza kupanda na kushuka. Linapigapiga, na mawe yaliyolikandamiza yanasogea.

Siku inayofuata ni ya kuzaliwa kwa Bill. Unafikiri upepo utamletea zawadi gani?

Tukutane Jumamosi ijayo. Uje umevaa.